Bodi ya Kumbukumbu Isiyoacha Kovu

Kwenye mstari wa chini kabisa wa skrini ya kompyuta ya TRS-80 Model 100, upande wa kulia, huwa kuna namba inayomweleza mwenye mashine ni baiti ngapi zimebaki wazi. Mashine yangu iliponifikia, namba hiyo ilikuwa 5062. Leo inasomeka 29638, na nyongeza yote hiyo imetokana na bodi 3 ndogo, pana kadiri ya kidole gumba, ambazo nilizichora, nikazilehemu na kuzichomeka kwa mkono wangu mwenyewe. Naandika makala haya kwa sababu nina msimamo kuhusu kazi hii, na ni msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaukubali: anayeongeza kumbukumbu ya kompyuta kongwe ya kubebeka hana budi kuiongeza kwa namna ambayo fundi mwingine, miaka 20 ijayo, ataweza kuichomoa bodi hiyo na kuikuta mashine kama ilivyotoka kiwandani.

Kwa wasioifahamu, mashine hii iliundwa na Kyocera ya Japani na kuuzwa na Tandy kupitia maduka ya Radio Shack huko Marekani kuanzia mwaka 1983. Ina kibodi kamili, skrini ya mistari 8 yenye herufi 40 kila mmoja, modemu ndani yake, na inatumia betri 4 ndogo za AA zinazoiendesha kwa takriban saa 20. Uzito wake ni kama kilo 1.4, na ndiyo maana waandishi wa habari waliipenda sana: waliandika wakiwa uwanjani au safarini, kisha wakaituma habari kwa waya wa simu. Programu zake zote zimo ndani ya romu, yaani kumbukumbu ya kusomwa tu isiyofutika, ya kilobaiti 32 iliyoandikwa na Microsoft, na Bill Gates mwenyewe, aliyeshiriki kuiandika, amewahi kusema kwamba ni miongoni mwa mashine alizozipenda zaidi. Nami nina sababu yangu ya kuipenda: Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ambayo haimo kwenye kibodi yake, hata ng' ya ng'ombe inaandikika bila hila, hivyo mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Wamarekani inaniandikia lugha yangu bila kukosea hata nukta.

Haina diski. Kila unachoandika kinakaa kwenye kumbukumbu, na kinabaki humo hata ukiizima, kwa sababu betri ndogo ya nikeli na kadimiamu iliyolehemewa ndani, yenye volti 3.6, inaendelea kuilisha kumbukumbu umeme kidogo kidogo. Jambo hili liwekwe akilini, kwani ndilo linaloamua kama bodi yako ni bodi ya kweli au ni mtego.

Mwaka 1983 mashine yenye kilobaiti 8 iliuzwa dola 799, na yenye kilobaiti 24 iliuzwa dola 999. Maana yake ni kwamba mnunuzi alilipa dola 200 kwa kilobaiti 16. Yangu ni ya bei ile ya chini, na soketi zake 3 za nyongeza zilikuwa tupu. Ukizijaza zote unapata kilobaiti 32, na hapo ndipo mwisho wa njia, kwa kuwa prosesa yake ya 80C85 ina waya 16 za anwani, yaani za kutaja mahali ilipo kila baiti, zinazotosha kilobaiti 64 tu, na nusu ya nafasi hiyo imechukuliwa na romu.

Moduli ya asili ya kilobaiti 8, yaani ile ya kiwandani inayoingia katika kila soketi, si chipu moja. Ni chipu 4 za kilobaiti 2 kila moja, zimewekwa pamoja juu ya kibao kimoja chenye pini 28, na mpangilio wa pini hizo haulingani na wa chipu ya kumbukumbu ya kawaida yenye pini idadi hiyo hiyo. Anayedhani atachukua chipu yoyote ya pini 28 na kuichomeka humo atajuta. Kila chipu kati ya zile 4 ina waya wake wa kuitwa. Waya huo ukishushwa hadi sifuri, chipu hiyo ndiyo inayojibu na nyingine zinanyamaza. Chipu ya siku hizi, kwa mfano 62256, ina kilobaiti 32 ndani ya gamba moja, lakini ina waya mmoja tu wa kuitwa. Kazi ya bodi, basi, ni kuichukua miito 4 na kuigeuza kuwa mwito mmoja pamoja na anwani 2 za ziada.

Nilikaa na karatasi na kalamu jioni nzima kabla sijaona kwamba jibu lote linaingia katika chipu moja ya bei ndogo, 74HC08. Ndani yake mna malango 4, na kila lango lina miingio 2. Mmoja wao ukiwa sifuri, lango linatoa sifuri. Lango la kwanza nimelipatia mwito wa 1 na wa 2. La pili nimelipatia wa 3 na wa 4. La tatu linapokea matokeo ya hayo mawili na kutoa mwito mkuu unaoiamsha chipu ya kumbukumbu. La nne nimelipatia mwito wa 1 na wa 3. Tokeo la lango la kwanza ndiyo anwani A12, tokeo la lango la nne ndiyo A11. Fuatilia mwenyewe: mwito wa 1 unatoa sifuri na sifuri, wa 2 unatoa sifuri na moja, wa 3 unatoa moja na sifuri, wa 4 unatoa moja na moja. Malango yalikuwa 4, na 4 ndiyo yaliyohitajika, halikubaki hata moja. Sijui kama kuna furaha kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayependa saketi.

Kasi haisumbui. Chipu ninayotumia hujibu ndani ya nanosekunde 55, nayo mashine, kwa mwendo wake wa megahezi 2.4, hutumia zaidi ya nanosekunde 400 kwa pigo moja la saa yake.

Kinachosumbua ni umeme wa usiku. Bodi yangu ya kwanza ilifanya kazi tangu dakika ya kwanza. Namba kwenye skrini ikapanda hadi 13254, nikaandika mchana kutwa bila kasoro yoyote. Ijumaa jioni nikatoa zile betri 4, kama ninavyofanya kila ninaposafiri ili zisije zikavuja, nikaondoka. Niliporudi Jumatatu na kuiwasha, maandishi yote yalikuwa yametoweka, pamoja na tarehe na saa. Nilianza kwa kuilaumu betri ya ndani, kisha nikamlaumu aliyeniuzia chipu za kumbukumbu, na kote huko nilikuwa nadhulumu. Nilipounganisha mita kwenye njia ya umeme wa bodi ndipo nilipoona miliampia karibu 3 zinanywewa wakati mashine imezimwa. Nikachukua kioo cha kukuzia na kusoma maandishi juu ya chipu ya malango: 74LS08. Nilikuwa nimeichomoa kwenye kisanduku changu cha akiba kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa mchana mmoja wa majaribio herufi hizo mbili, LS badala ya HC, hazikuwa na tofauti yoyote. Chipu za jamii ya LS hunywa umeme muda wote, ziwe zinafanya kazi au zimetulia. Betri ya ndani ina akiba ya miliampia 50 kwa saa moja. Gawanya kwa 3, utaona kwamba haikufika hata Jumamosi usiku.

Tangu hapo sipimi bodi ya kumbukumbu kwa jinsi inavyofanya kazi mashine ikiwa imewashwa. Naipima ikiwa imezimwa. Kitabu cha mashine kilimwahidi mnunuzi kwamba maandishi yangedumu takriban siku 30 kwa kilobaiti 8 na takriban siku 8 kwa kilobaiti 32, maana chipu za wakati ule, kila ulipoziongeza, ziliimaliza betri haraka zaidi. Chipu za sasa hunywa maikroampia chache tu zikiwa zimelala, hivyo bodi ya nyumbani iliyotengenezwa kwa uangalifu haimwongezei mwenye mashine mzigo wa maana. Hilo kwangu lina uzito kuliko idadi ya baiti.

Na hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wengi. Wapo wanaoweka kilobaiti 128, au hata 512, kwa kugawa kumbukumbu katika makundi na kuyabadilisha moja baada ya jingine ndani ya nafasi ileile ya kilobaiti 32. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na siwezi kuidharau. Lakini andiko moja bado haliwezi kuvuka mpaka wa kundi moja, inabidi kuwepo programu ya ziada ya kuhama kutoka kundi hadi kundi, na bodi nyingi za namna hiyo zinadai waya za pembeni zilehemewe kwenye miguu ya chipu nyingine, au kumbukumbu ya asili izimwe. Mtu anayeandika barua, ripoti, hotuba au hadithi hana haja na hayo. Makala haya yote yaingie mara mbili katika baiti 29638 na nafasi itabaki.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuniuliza: mbona katika kila bodi unatumia kilobaiti 8 kati ya 32 za chipu na kuziacha 24 zilale bure? Ni kweli, anwani A13 na A14 nimezifunga kwenye sifuri. Ningeweza kuvuta waya kutoka soketi ya pili na ya tatu, nikatumia chipu moja kwa kazi ya zote tatu, na kuokoa fedha kidogo. Lakini kila soketi imepangiwa kilobaiti zake 8 na waliobuni mashine, na waya unaoruka kutoka soketi hadi soketi ni waya utakaokatika siku mashine itakapofunguliwa na mtu asiyejua ulipo. Bora chipu 3 zinazojitegemea.

Pini nazo zina neno lake. Wanaoanza hutumia pini za mraba zinazouzwa kila mahali, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na zinashika vizuri. Zinashika vizuri kwa sababu ni nene mno. Zinautanua mdomo wa soketi, na siku utakapotaka kurudisha moduli ya asili, yenye miguu myembamba, itacheza humo kama jino bovu. Tumia pini nyembamba za mviringo, hata kama itabidi uzisubiri kwa wiki kadhaa kutoka ng'ambo. Mimi nilizichomeka kwanza kwenye soketi ya akiba iliyokuwa mezani ili zisimame wima, nikaiweka bodi juu yake, nikalehemu pini za pembe 4, nikainua bodi na kuikagua kwa upande kama imelala sawa, ndipo nikamalizia 24 zilizobaki.

Kabla ya yote hayo, toa betri ya zamani ya ndani. Imekaa humo kwa miaka zaidi ya 40, na betri za aina hiyo zinapovuja, maji yake hula njia za shaba za bodi kuu, taratibu, chini ya rangi ya kijani, hadi siku kibodi inapokufa nusu. Nimeona mashine ambayo mwenyewe aliijaza kumbukumbu mpya juu ya bodi iliyokwisha kuliwa. Futa mahali pake kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, na uweke betri mpya ndipo ufikirie kilobaiti.

Haya yote yamewezekana kwa sababu Tandy ilichapa kitabu cha kiufundi chenye michoro kamili ya saketi, kila waya na kila pini, ikakiuza kwa yeyote aliyekitaka. Nami ninaona kwamba aliyefaidika na mchoro uliochapishwa wazi hana haki ya kuuficha wake. Ninachora kwa KiCad, ambayo ni programu ya bure, na faili zangu ninampa kila anayeniomba, zikiwemo za ile bodi ya kwanza, nikiwa nimeandika pembeni mwa chipu ya malango, kwa herufi kubwa, kwamba isiwe LS.

Kuna maandishi pia kwenye mgongo wa kila bodi, kwa wino mweupe wa kiwandani na kwa Kiswahili: mshale unaoonyesha pini ya kwanza, majina ya chipu 2 zilizotumika, mwezi na mwaka, na mstari mmoja kwa yule atakayeifungua mashine hii baada yangu, kwamba bodi isivutwe kwa upande mmoja, bali iinuliwe kidogo huku na kidogo kule hadi pini zote 28 ziwe nje.