Nyota, mwongo, na Shimon mwenyewe

Kila mwaka, siku ya 33 ya hesabu inayoanza siku ya pili ya Pasaka ya Kiyahudi, watoto wa Israel wanakuwa kama wamechanganyikiwa na kuni. Wiki nzima wanaokota mbao, mabaki ya saiti za ujenzi, milango mibovu, wanajaza kwenye vitoroli vya supamaketi wanasukuma hadi kiwanjani, halafu usiku wa Lag BaOmer nchi nzima inawaka mioto. Zamani walikuwa wanatengenezewa na pinde na mishale ya mbao. Ukimuuliza mtu wa dini kwa nini, atakwambia habari za tauni iliyoua wanafunzi 24,000 wa Rabi Akiva ikakoma siku hiyo, na atakwambia pia ndo siku aliyofariki Rabi Shimon bar Yohai. Ukimuuliza aliyesoma shule za kawaida za serikali, hasa wa kizazi cha zamani, atakwambia moto ni wa Bar Kokhba, shujaa aliyewapiga Warumi, jamaa ambaye watoto wanaimbiwa kwamba alipanda simba.

Sasa huyu mpanda simba ndo nataka tumwongelee, maana sidhani kama kuna kamanda mwingine ambaye taifa lake limegombana juu yake kwa muda mrefu hivi, kwa karibu miaka 1,900, na bado hawajamalizana.

Stori yenyewe kwa kifupi. Hekalu la Yerusalemu lilishavunjwa na Warumi mwaka 70. Miaka sitini hivi baadaye Kaizari Hadrian akaja na mpango wa kujenga juu ya magofu ya Yerusalemu mji wa Kirumi, Aelia Capitolina, na Cassius Dio, mwanahistoria wa Kirumi, anasema pale pa Hekalu aliweka hekalu la Jupiter. Kuna chanzo kingine kinachosema alipiga marufuku tohara pia, ila wataalamu wanabishana hiyo ilikuja kabla ya vita au baada. Mwaka 132 Wayahudi wakaasi, Bar Kokhba akiwaongoza. Na hawakukurupuka, hapa lazima tuwape maua yao, maana Dio huyo huyo anasimulia kwamba walioagizwa kuwatengenezea Warumi silaha walikuwa wanazitengeneza vibaya makusudi ili zikataliwe, zibaki kwao. Wakachimba mahandaki chini ya vijiji, na wachimbuzi wa leo wameyakuta mengi tu, yale ya kuingia kwa kutambaa. Mwaka 2023 zilitangazwa panga nne za Kirumi, zimekutwa zimefichwa kwenye ufa wa pango karibu na Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, mbao za kwenye ala bado zipo, na wanaoelewa wanadhani ni waasi hao walizificha.

Kwa miaka mitatu hivi jamaa waliendesha nchi kabisa. Walichukua sarafu za Kirumi wakazigonga upya juu ya uso wa Kaizari, upande mmoja Hekalu, upande mwingine maandishi ya ukombozi wa Israeli. Mikataba ya kukodisha mashamba ikawa inaandikwa kwa kuhesabu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu wa ukombozi, chini ya Shimon, ndo jina halisi la Bar Kokhba, Nasi wa Israeli. Shikilia hilo neno Nasi, cheo chake, tutalirudia.

Halafu Hadrian akamtoa Julius Severus kule Britania, mmoja wa majenerali wake wakubwa, na Severus hakutaka mambo ya kukutana uwanjani, akawa anawazunguka kikundi kimoja kimoja, anawafungia chakula, anasubiri. Mwaka 135 ngome ya mwisho, Betar, ikaanguka na Shimon akafa. Dio anatoa hesabu: ngome 50 zimebomolewa, vijiji 985 vimefutwa, watu 580,000 wameuawa vitani, na waliokufa kwa njaa, magonjwa na moto hawahesabiki. Wengine wanaona namba zimetiwa chumvi, inawezekana, lakini vijiji vya Yudea vilivyochimbuliwa vinaonesha kweli watu waliondoka hawakurudi. Na kwa Warumi nako palichimbika, maana Hadrian alipoiandikia Seneti aliacha ile salamu ya kawaida ya "mimi na majeshi tuko salama". Wayahudi wakakatazwa kukanyaga Yerusalemu. Jimbo likabadilishwa jina kutoka Yudea kuwa Syria Palaestina.

(Hapa kuna watu wanapenda kuruka na kusema aha, kumbe Palestina ni jina alilobuni Hadrian kuwakomoa Wayahudi. Kubadilisha jimbo ndio, alibadilisha, na huenda kweli alitaka kuwakomoa. Kubuni jina hapana, Herodoto Mgiriki alikuwa analitumia zaidi ya miaka 500 kabla yake. Tuendelee.)

Sasa angalia jina lake. Bar Kokhba ni "mwana wa nyota", inatoka kwenye Hesabu 24:17, "nyota itatokea katika Yakobo", na inasemekana ni Rabi Akiva mwenyewe, mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa wakati wake, aliyemwangalia akasema huyu ndo mfalme Masihi. Rabi mwenzake, Yohanan ben Torta, akamjibu jibu ambalo mimi nalipenda sana kwa ukali wake, Akiva, nyasi zitaota kwenye mashavu yako na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja. Baada ya kichapo, marabi wakawa wanamwita Bar Koziba, yaani mwana wa uongo. Wakabaki na simulizi za kumsema: kwamba alikuwa anawapima askari kwa kuwakata kidole, hadi wazee wakamuuliza utawatia watu kilema mpaka lini, kwamba kabla ya vita alikuwa anamwambia Mungu usitusaidie ila usitukwamishe pia, kwamba alimuua mjomba wake mtakatifu kwa teke moja la hasira. Wakristo nao wana lao, Justin aliyeandika miaka ishirini hivi baadaye anasema Bar Kokhba aliwaadhibu vikali Wakristo waliokataa kumkana Yesu. Ila usidhani mapokeo yote ya Kiyahudi yalimtupa. Maimonides, rabi mkubwa wa karne ya 12, anamtaja bila matusi, anasema Akiva na wenye hekima walimdhania mfalme Masihi mpaka alipouawa, ndo wakajua siye.

Kwa hiyo kwa karne kama 17 huyu alikuwa somo la tahadhari. Nani akamgeuza shujaa?

Ni Wazayuni, Wayahudi waliotaka taifa lao wenyewe kwenye nchi ya mababu, na ukiangalia mazingira yao utawaelewa. Mwaka 1898 Max Nordau, mmoja wa viongozi wao, anasimama kwenye kongamano lao Basel anasema tunahitaji Uyahudi wenye misuli, na mwaka huo huo Berlin inaanzishwa klabu ya mazoezi inaitwa Bar Kochba. Wayahudi wa Ulaya walikuwa wamechoka kuonekana watu wa vitabu na mgongo uliopinda, na 1903 yakatokea mauaji ya Wayahudi kule Kishinev, kwenye dola ya Urusi, watu wamechinjwa majumbani kwao, na kilichowauma vijana zaidi ya vifo vyenyewe ilikuwa ile aibu ya kwamba wengi walijificha. Kijana wa namna hiyo humwambii habari za rabi aliyesoma sana. Anataka mtu aliyeshika upanga. Mwaka 1923 kule Riga likaanza vuguvugu la vijana la Jabotinsky, Mzayuni wa mrengo wa kulia, likaitwa Betar, jina la ile ngome ya mwisho, na wewe unayefuatilia mpira, Beitar Jerusalem jina lake limetoka hapo hapo. Yaani watu wamejiita kwa jina la mahali walipopigwa. Nchi ilipopatikana 1948, sarafu zake za mwanzo zikachukua zabibu na kinubi kutoka kwenye zile alizogonga Shimon.

Halafu ikaja 1960. Yigael Yadin, mkuu wa zamani wa majeshi aliyegeuka mchimbuzi, alikuwa ametoka kwenye pango moja refu kwenye korongo la Nahal Hever, juu ya Bahari ya Chumvi, upande wa chini umeanguka wima kiasi kwamba waliingia kwa ngazi za kamba. Ndani walikuta kapu la mafuvu, na kwenye kiriba cha maji, katikati ya vitu vya mwanamke, mabonge ya sufu na vipodozi, kulikuwa na furushi la barua. Akaenda nyumbani kwa Rais Ben-Zvi, ukumbi umejaa wakubwa, akawasha projekta, ukutani ukatokea mwandiko, akasema kwa furaha kwamba wamepata barua za rais wa mwisho wa Israel ya kale. Utani mzuri, na wala si uongo, maana rais kwa Kiebrania cha leo ni nasi, neno lile lile la kwenye mikataba ya mashamba. Ben-Zvi alikuwa anaangalia barua za mtu mwenye cheo chake.

Miaka 22 baadaye mambo yakawa makubwa zaidi. Tarehe 11 Mei 1982, Lag BaOmer, waziri mkuu Menachem Begin, ambaye mwenyewe alikulia kwenye Betar, aliifanyia mazishi ya kitaifa mifupa ya watu wa mapangoni. Helikopta, jeshi, Rabi mkuu Shlomo Goren, mizinga. Haikufika mwezi, tarehe 6 Juni, jeshi likaingia Lebanon.

Ndani ya hali hiyo ndo akasimama Yehoshafat Harkabi. Huyu hakuwa mtu wa maandamano ya amani kwa asili, aliwahi kuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi miaka ya 1950 na alijulikana kwa misimamo mikali kabla hajabadilika. Hoja yake ilikuwa rahisi na ilichoma: uasi ule ulikuwa janga la kujitakia, uliimaliza Yudea, na taifa linaloadhimisha kosa kama lile kana kwamba ni ushindi linajifundisha kutohesabu gharama. Ushujaa bila uhalisia si sifa ya kiongozi, na alikuwa anaongea ya mwaka 132 huku kidole kimeelekea kwenye maeneo ya Wapalestina yaliyokaliwa na Israel tangu 1967. Akajibiwa, tena kwa moto. Israel Eldad, wa zamani wa Lehi, kikundi cha siri kilichopigana na Waingereza kabla ya 1948, alikuwa mmojawapo wa waliomkatalia. Na upande huo nao una la kusema, usiudharau: ukipima kila uasi kwa matokeo, utawafuta hata Wayahudi wa geto la Warsaw walioinuka dhidi ya Wanazi 1943, ambao walijua kabisa hawashindi.

Hapa mimi ndo naachana na Eldad. Wa Warsaw walikuwa wanakufa iwe wamepigana au hawakupigana, treni zilikuwa zinawasubiri. Watu wa mwaka 132 hawakuwa hapo. Ushahidi ni Galilaya, ambayo kwa sehemu kubwa haikuingia vitani na ikabaki imesimama, na ni Galilaya hiyo hiyo, kwenye mwaka 200, Yehuda aliyekuwa na mahusiano mazuri na Warumi alipokusanya Mishna, mkusanyo wa sheria za mdomo za Kiyahudi, kitabu ambacho bila yake sijui Uyahudi tunaoujua ungekuwaje. Na unajua Yehuda anaitwaje mpaka leo? Yehuda ha-Nasi. Cheo kile kile. Kwa hiyo siku ile ya projekta, rais wa Israel alikuwa mrithi wa manasi wawili, mmoja aliyepigana hadi akafa, na mwingine aliyekula sahani moja na mabwana wa Kirumi ili watu wake wasome. Huyo wa pili hawashiwi moto.

Lakini Harkabi nae namkatia kidogo. Yeye anahukumu akiwa na hesabu ya Dio mkononi, wao mwaka 132 hawakuwa nayo. Walikuwa na Kaizari anayejenga mji wa kipagani juu ya Hekalu lao, na dola iliyowahi kupigwa na watu wengine. Kusema walikosea, sawa. Kusema walikuwa wajinga, hapana. Na fahari yenyewe sioni ubaya wake, kila taifa lina mtu wake wa upanga. Ninachokiona kibaya ni kumbukumbu inayobeba sarafu na simba, halafu vile vijiji 985 inamwachia Dio.

Na ajabu ni kwamba zile barua za Shimon zinawaharibia wote, wanaomsifu na wanaomsema. Jina lake humo ni Shimon bar Kosiba, si Kokhba wala Koziba, si nyota wala mwongo. Hakuna mahali anajiita Masihi. Anayeongea humo ni kamanda mwenye presha, wanaume wa Ein Gedi anawaambia mmekaa kwa raha, mnakula na kunywa mali ya nyumba ya Israeli, na ndugu zenu hamuwajali. Mwingine, kwenye barua iliyokutwa pango jingine, anamtisha kwamba atamtia pingu miguuni kama alivyomfanya fulani. Ngano inyang'anywe, huyu akamatwe, wale wa Tekoa msiwape hifadhi. Unasoma unahisi kabisa mambo yanamponyoka.

Halafu kuna moja ya Kiaramu anamwandikia Yehuda bar Menashe. Anasema nimekutumia punda wawili, na watu wawili waende nao kwa Yehonatan na Masabala, wapakie makuti ya mitende na yale matunda ya Sikukuu ya Vibanda walete kambini, na wewe kwako tafuta mihadasi na mierebi, viandae inavyotakiwa kisheria, vitume, kwa sababu kambi ni kubwa.