Baridi ya Dar na Uongo wa Dakika Kumi na Tano

Juni ikiingia tu, Dar es Salaam nzima inajifanya Makete. Kipimajoto kinasoma nyuzi 19 au 20 alfajiri, mchana 28, jua liko palepale linapokaaga siku zote, lakini kondakta wa daladala kavaa jaketi la manyoya la mtumba na abiria wa siti ya nyuma kajifunga khanga mbili mpaka masikioni. Watu wa Njombe, ambao mwezi huohuo wanaamka wanakuta sakitu kwenye majani, wakituona hivi wanashika mbavu. Wacheke tu. Wao wapande bodaboda saa kumi na moja na nusu alfajiri, kusi inapuliza kutoka baharini, halafu waje tuongee.

Na baridi haijawahi kuja bila njaa. Mtu katoka Posta saa kumi na mbili jioni, kafika Mbagala saa mbili usiku, anataka kitu cha moto, chenye mchuzi, na anakitaka sasa hivi. Anafungua simu: "Vyakula rahisi vya msimu wa baridi, dakika 15 tu." Kumbe aliyeandika yuko nchi ya theluji, ana oveni, ana krimu ya kupikia, na jokofu lake halijui mgao wa umeme ni nini. Hata walioandika wa hapahapa hawana nafuu. Dakika 15 zinahesabiwa kuanzia wapi, jamani? Zinahesabiwa kitunguu kikiwa kimeshakatwa, nazi imeshakunwa, maharage yameshaiva na jiko limeshawaka. Jiko la mkaa peke yake linataka dakika 15 hadi 20 kushika sawasawa, na hapo ni mkaa mkavu. Ule ulionyeshewa masika, ukakaa stoo bila kuanikwa, unatoa moshi kwanza, machozi baadaye, moto ukipenda.

Ukweli ambao hawausemi ni kwamba chakula cha haraka hupikwa jana.

Chukua maharage. Hakuna chakula kinachofaa kipupwe kuliko maharage ya nazi ya moto, na hakuna kinachomwaibisha mtu mwenye haraka kuliko hayohayo. Unaanzia gengeni:

"Dada, haya maharage ni mapya?"

"Mapya kaka, yameingia jana."

Jana yameingia dukani. Shambani yalitoka lini, hilo halijibiwi. Maharage yaliyokaa gunia miezi na miezi kwenye joto na unyevu wa mji huu yanagoma kuiva, hata uyachemshe mpaka mtungi uishe. Yaangalie: yakiwa yamefifia rangi, ngozi ina makunyanzi na gunia lina vumbi la wadudu, rudisha mkono mfukoni.

Ukipata ya maana, pima nusu kilo, toa mawe, loweka usiku kwenye maji mara tatu ya maharage yenyewe, asubuhi yamwage hayo maji. Weka maji mapya, na dakika 10 za kwanza yachemke kwa moto mkali, yatokote kwelikweli. Si ubishi wa bibi huo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha, na moto wa kuchechemea hauiui. Baada ya hapo punguza moto, yaende dakika 45 hadi saa nzima. Kwenye presha kuka, yaliyolowekwa yanamalizika kwa dakika 15 hadi 20 tangu ianze kupiga mluzi.

Hapa ndipo watu wengi wanajiharibia. Nyanya, ndimu na ukwaju vinatupwa mapema "ili vikolee". Ukali wa vitu hivyo unakaza ganda, na maharage yanabaki yanagonga meno saa tatu usiku huku watoto wameshalala na mkate. Viungo vya ukali vinasubiri mpaka punje ibonyee kati ya vidole. Magadi yanaharakisha, ni kweli, lakini ukizidisha ncha ya kijiko unakula uji wenye ladha ya sabuni.

Nusu kilo kavu inakupa zaidi ya kilo iliyoiva. Yakipoa, na yasizidi saa mbili mezani, gawa kwenye vibakuli vinne pamoja na mchuzi wake, ingiza kwenye friza. Sasa njoo Jumatano usiku: kitunguu kwenye mafuta dakika 4, saumu, nyanya mbili mpaka zipondeke, kibakuli kimoja cha maharage, tui la pili, chemsha, malizia na tui zito. Dakika 15! Umeona? Simu haikusema uongo kabisa. Ilisahau tu Jumapili yako yote. Na umeme ukikatika siku mbili mfululizo, friza inageuka kabati, na unakula maharage asubuhi, mchana na jioni ili yasiharibike.

Tui nalo lina tabia zake. Tui zito ukilimwaga kwenye sufuria inayotokota, ukafunika, ukaenda kuangalia nani kagonga geti, utakuta limekatika: maji huku, mafuta kule, vichenga vinaelea katikati. Linaingia mwisho, moto mdogo, unakoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lianze kupumua pembeni, basi. Ndimu weka baada ya kuepua. Likikatika chakula bado kinalika, ila usimpe mama mkwe.

Kama maharage yamekushinda, liko boga. Wenzetu wa theluji wana supu yao ya boga wanaisifia kama wamelivumbua. Kilo moja, lile gumu la ngozi, kikonyo kikavu, zito kuliko unavyolitegemea. Boga jepesi ni nyuzinyuzi tu. Usimenye. Kumenya boga bichi ni kutafuta kidole chako mwenyewe. Toa mbegu, kata vipande vya upana wa vidole viwili, maji yafike nusu ya vipande, funika, dakika 15. Ngozi itatoka kwa kijiko. Pembeni, kaanga kitunguu kimoja na tangawizi ya ukubwa wa dole gumba, kijiko cha chai cha bizari, changanya, ponda kwa mwiko, mimina kikombe cha tui zito, chumvi, pilipili manga. Mwenye blenda asijaze: nusu jagi tu, uache upenyo kwenye kifuniko na ushikilie kwa kitambaa. Mvuke wa supu ya moto unarusha kifuniko, na rangi ya boga haitoki ukutani kirahisi. Mwenye nyumba ataiona siku ya kuhesabiana kodi.

Halafu kuna wale ambao kwao kipupwe ni uji. Sawa, lakini uji wa ulezi wenye madonge si uji, ni adhabu. Unga ukikutana na maji ya moto, ngozi ya nje inaiva palepale na kufungia unga mkavu ndani. Ndiyo maana donge ukilipasua linapumua vumbi. Kwa lita moja ya maji, nusu kikombe cha unga. Toa kikombe kimoja cha maji ya baridi kwenye hiyo lita, vuruga unga humo mpaka uwe laini, yaliyobaki yachemshe, kisha mimina polepole huku mkono mwingine unakoroga. Ukianza kutokota, uendelee dakika 10 hadi 15, maana ulezi mbichi unakwangua koo. Karanga za kusaga zinaingia dakika tano za mwisho, la sivyo zinashika chini. Epua ukiwa bado mwepesi. Uji unaendelea kukaza kikombeni. Na chagua moja, maziwa au ndimu. Wanaotaka vyote viwili wanapata mtindi usio na mpango.

Chai ya tangawizi na maziwa ina fitina yake. Watu wanarusha tangawizi mbichi iliyopondwa kwenye maziwa, yanakatika, wanamtukana muuza maziwa wa watu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ichemshe kwanza kwenye maji dakika tano, kimeng'enya kife, ndipo maziwa yaingie. Muuza maziwa ana makosa yake mengine ya kutosha, hili si lake.

Sasa maandazi. Mwezi wa tatu unakanda, ukigeuka nyuma unga umeshafika mdomoni mwa beseni. Julai unakanda, unasubiri, unaswali, unarudi, umelala vilevile. Mtu anapandwa na hasira anaongeza hamira, maandazi yananuka pombe. Mwingine anakandia maji ya moto "yaamshe hamira", anaiua kabisa; ikifika nyuzi 55 hadi 60 hamira haina maisha. Maji yawe ya vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto. Nusu kilo ya unga, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chenga, robo kikombe cha sukari, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, iliki, na kikombe kimoja cha tui au maji, ukiongeza kidogokidogo mpaka unga uache beseni. Funika, weka karibu na jiko, si juu yake. Pale ambapo saa moja ilitosha, kipupwe kinataka saa moja na nusu hadi mbili.

Asiye na subira ya asubuhi akande usiku: hamira robo ya kijiko cha chai badala ya kimoja, maji badala ya tui, maana tui likilala nje linachacha. Alfajiri unasukuma, unakata, unaacha robo saa, unakaanga. Mafuta yajaribiwe kwa kipande kidogo cha unga: kizame, kisha kielee juu baada ya sekunde chache na povu jepesi pembeni. Kikikaa chini, mafuta hayajapata moto na andazi litayanywa yote. Kikigeuka kahawia papo hapo, nje litaungua na ndani litabaki bichi, na ndilo hilo utakaloliuma mbele ya wageni.

Na kabla hujagombana na mwenye duka: mafuta ya nazi kuganda chupani Julai hakumaanishi yamechanganywa na mafuta ya ng'ombe. Yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Simamisha chupa kwenye maji ya moto, yatarudi. Jirani yako ameshairudisha dukani chupa yake, amepigana maneno nusu saa, kufika mchana yameyeyuka yenyewe.

Mwenye dakika 15 za kweli kabisa apike chapati za maji. Unga vikombe viwili, mayai mawili, chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo, maji karibu vikombe viwili. Maji uanze na kimoja, ukoroge mpaka madonge yaishe, ndipo uongeze kingine. Kikaango kipate moto kwanza. Ya kwanza itashika na kuchanika, hiyo ni ya mpishi.

Gesi nayo ina wivu. Mtungi wa kilo 6 haujawahi kuisha Jumamosi saa nne asubuhi, wakati duka liko wazi. Unaisha saa tatu usiku, boga limeiva nusu. Mwagia maji ya moto kikombe kimoja ubavuni mwa mtungi, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Fanya hivyo Ijumaa. Usiulaze mtungi, usiutikise juu ya moto kama wanavyofanya wajuaji. Na moto ukiwa wa njano, unapaka sufuria masizi, gesi haina kosa. Vitundu vya jiko vimezibwa na uji wa juzi. Zibua kwa sindano jiko likiwa limepoa.

Wa mkaa, ninawaona. Mmepika mkamaliza, makaa bado mekundu, chumba kina baridi, mnaliingiza jiko ndani mnafunga dirisha. Hapana. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Tena ni nyuzi 20! Vaa soksi.

Kinachobaki ni vyombo. Sufuria ya uji wa maziwa ilowekwe maji ya baridi palepale, si ya moto. Ya moto yanaipikia sufuria ule utando, unakaza kuliko ulivyokuwa. Ya tui ndiyo itake maji ya moto na sabuni, kwa sababu ya mafuta. Yote haya yanahitaji maji bombani, na bomba la mtaa huu linatoa maji saa nane usiku, siku linayojisikia. Kwa hiyo anayetaka uji saa kumi na mbili asubuhi aweke ndoo chini ya bomba kabla ya kulala, atege kengele ya simu, na akiamka asiguse beseni la unga akidhani ni ndoo.