Unga Limited na Njiro haziwezi kuzolewa taka kwa gari moja

Lawama inayotupiwa uzoaji wa taka Arusha ni ileile kila mara: kila kata na utaratibu wake. Kwenye mitaa iliyopimwa ya Njiro gari linafika hadi getini na kuchukua viroba. Kwenye vichochoro vya Unga Limited na Ngarenaro inakuja guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi, au mkokoteni wa kikundi cha wazoaji taka wa mtaa, na ratiba inategemea kikundi hicho kina nguvu kiasi gani mwezi huo. Ukivuka mpaka wa jiji kuingia Kiranyi au Ilboru uko kwenye Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, yenye sheria ndogo na ada zake. Kadiri AFCON 2027 inavyokaribia, na uwanja wake wa Arusha uko Olmoti, wapo wanaotaka fujo hiyo iishe: mzabuni mmoja, magari makubwa ya kushindilia taka, ratiba moja, ada moja.

Hoja yao si ya kubezwa. Mzabuni mmoja ana mkataba na ana mtu wa kuulizwa. Baadhi ya vikundi huwapeleka vijana kazini bila glavu wala buti, ada ikikwama husimama, na usiku taka huishia korongoni. Mwananchi anayeona mwenzake wa mtaa wa pili anazolewa mara mbili kwa wiki ana haki ya kulalamika.

Ila ratiba moja kwa wote haileti usawa. Angalia ndoo. Kwa makadirio yanayotumika sana kupangia miji yetu, mtu mmoja huzalisha kama nusu kilo ya taka kwa siku. Familia ya watu wanne ni kilo 2. Taka za jikoni kwetu, yaani maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga na majivu, zina uzito wa kama kilo 350 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inabeba kilo 7. Inajaa siku ya nne. Familia ya Unga Limited inayoishi chumba kimoja na kushirikiana uani na wapangaji wanane haina pa kuweka ndoo ya pili. Gari likija mara moja kwa wiki, taka za siku tatu za mwisho zitaenda mtaroni. Nyumba ya Njiro yenye pipa la lita 100 nyuma ya jiko inamaliza wiki mbili bila kufurika, ingawa harufu itakuwa imeshaanza. Ukizipa nyumba zote mbili siku moja kwa wiki, umeihudumia ya pili na kuiacha ya kwanza.

Kichochoro nacho kina kauli yake. Lori la taka lina upana wa karibu mita mbili na nusu. Likiegeshwa barabarani, mama anabeba ndoo ya kilo 7 mita 200, huku jiko limewashwa na mtoto yuko mgongoni. Atafanya hivyo wiki ya kwanza, ya pili atamtuma mtoto, na mtoto atamwaga njiani. Guta inaingia mpaka mlangoni, inamwaga ndoo na kuirudisha papo hapo. Hiyo ndoo kurudi ni jambo kubwa: mfumo wa viroba unadai kila familia inunue kiroba kila wiki, na kwa wengi hiyo ni ada ya pili.

Hata mashine ya kushindilia haifanyi kazi inayosifiwa. Ilibuniwa kwa taka za nchi ambako pipa limejaa karatasi na vifungashio, kilo 100 hadi 150 kwa mita ya ujazo. Hizo zinashindilika vizuri. Zetu ni nzito na mbichi tangu jikoni. Ukizibana unakamua maji, na maji hayo yanachuruzika barabarani njia nzima hadi dampo la Muriet. Gari linafikia kikomo cha uzito kabla bodi haijajaa, na wakati wa masika, taka zikishanyeshewa, hali ni mbaya zaidi. Umenunua mtambo ghali unaokula mafuta na vipuri vya haidroliki ili ufanye kazi ya tipa.

Basi vikundi vinakwama wapi? Kwenye kontena. Guta haitakiwi kwenda Muriet. Inamwaga kwenye kontena la kata, na kontena linavutwa na lori. Piga hesabu: kaya 200 za watu wanne zinazalisha kilo 2,800 kwa wiki, yaani mita 8 za ujazo. Kontena la kawaida la mita 7 limejaa na kuzidi kwa kaya hizo peke yake. Mtaa wa kaya 1,000 unahitaji kontena livutwe karibu mara sita kwa wiki, karibu kila siku. Likivutwa mara mbili, theluthi mbili ya taka zinamwagwa chini pembeni yake. Guta ya mita moja ya ujazo inafika, haina pa kumwaga, dereva anasubiri, anapoteza tripu mbili, jioni anatafuta korongo. Picha itakayopigwa kesho yake itamwonyesha kijana wa guta. Lori ambalo halikuja halitaonekana pichani, na lawama zote za uchafu wa vikundi zinaanzia hapo.

Namna ya kumlipa mwenye lori ndiyo inayoamua. Akilipwa kwa tani, atazipenda taka zilizolowa na mchanga wa mitaroni. Akilipwa kwa tripu, atapeleka gari lililojaa nusu. Akilipwa kwa kila kontena lililovutwa ndani ya saa 24 tangu lijae, na mtendaji wa mtaa akasaini saa ya kujaa na saa ya kuondoka, faida yake na usafi wa mtaa vinaenda pamoja.

Ada nayo haiwezi kufanana. Mwenye nyumba wa vyumba vinane mara nyingi haishi pale, na mkusanyaji anagonga milango minane kupata malipo matatu. Ikiingizwa kwenye kodi ya chumba, mwenye nyumba akalipa mara moja kwa kumbukumbu namba (control number), kikundi kinapata mafuta ya guta bila kudai mlango kwa mlango.

Kuhusu urejelezaji, kutofautiana kunasaidia. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 15 hadi 20, hivyo kilo moja ni chupa 50 hadi 66. Mwokotaji anaishi kwa kuzipata safi. Ikishachanganyika na ugali na majivu ndani ya gari la kushindilia, mnunuzi anaikataa au anakata bei, na maboksi yaliyolowa hayana bei kabisa. Mhudumu wa guta anazitenga mlangoni, kiroba kimoja kikining'inia pembeni ya bodi, na maganda ya ndizi yanafika kwa mfugaji wa mtaa wa jirani kabla hayajaoza.

Kinachopaswa kufanana jiji zima, na kuvuka mpaka wake, ni kasi ya kuondoa kontena. Themi, Naura na Burka zinashuka kutoka Mlima Meru, na taka iliyotupwa mtoni upande wa wilaya inakuja kukwama chini ya madaraja ya jiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaipa kila halmashauri jukumu la taka za eneo lake, lakini haizuii mbili kukaa meza moja. Kontena lililowekwa mpakani linaweza kupokea guta za pande zote mbili, na gharama ya lori ikagawanywa kwa idadi ya guta zilizomwaga kutoka kila upande.