Mambo Msiige: hoteli imeliponya jumba au imelimeza?

Ukiufuata ufuko kaskazini ya mji wa Zanzibar unafika Maruhubi, jumba la shamba alilojenga Sultani Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880. Liliungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo zilizobeba roshani, na hamamu isiyo na marumaru zake. Mbele kidogo ni Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844. Huko nako moto ulipita, mwaka 1914.

Jumba la Mambo Msiige, pale Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, halikufa hivyo. Lilijengwa katikati ya karne ya 19, na inasimuliwa kuwa tajiri aliyelijenga alitia mayai kwenye chokaa, kisha akalipa jina la kuwakejeli majirani. Limekuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, likawa ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt.

Wanaoitetea hoteli wana hoja nzito. Nyumba ya mawe ya matumbawe haivumilii kutelekezwa: mfereji wa paa ukiziba msimu mmoja wa masika tu, maji yanaingia ukutani. Kuwa mali ya serikali si kinga pia. Beit al Ajaib, jumba la makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, tena likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Mgeni anayelipia chumba angalau analeta pesa za fundi.

Ila huyo mgeni anataka kuoga, na hapo ndipo hoteli nyingi za Mji Mkongwe zinapojiumiza. Dari ya kale ni boriti za mikoko, juu yake mawe na zege la chokaa. Boriti hizo ni fupi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: kuta zinakaa karibu karibu, mita tatu hivi au pungufu. Weka bafu ghorofani, kiungio kimoja cha bomba kivuje nyuma ya vigae, na maji yatatafuta kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani, mahali pasipo hewa. Katikati boriti inaonekana nzima kabisa. Kichwa kimeoza. Fundi mzoefu haiamini rangi, hupenyeza bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, dari inaegemezwa kwanza kwa miti, ndipo boriti zibadilishwe moja moja.

Kosa la pili ni saruji. Lipu ya saruji inapendeza siku ya kukabidhi kazi, lakini inaufungia unyevu ndani. Chumvi inaganda nyuma yake na baada ya miaka michache lipu inabanduka vipande vipande ikiondoka na uso wa jiwe. Kinachofaa ni chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga usiwe wa pwani. Kila mkono wa lipu usizidi sentimita moja na nusu, na ukuta unyunyiziwe maji siku kadhaa usikaushwe na jua, la sivyo lipu itabaki vumbi. Kazi hii ni ya polepole, na mkandarasi mwenye tarehe ya ufunguzi mkononi haipendi.

Upande wa pili unauliza swali jingine: jumba limeokolewa kwa ajili ya nani? Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na Kamati ya Urithi wa Dunia iliukosoa mradi wa Shangani hasa kwa ukubwa wa jengo jipya lililowekwa ubavuni mwa lile la kale. Naona walikuwa na haki. Kuta za zamani peke yake hazikuwa na vyumba vya kutosha kurudisha mtaji, kwa hiyo hesabu ya hoteli ilidai jengo la ziada, na jengo hilo likakaa mbele ya bahari ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiitazama.

Kwa jumba lenyewe, basi, nawaunga mkono wenye hoteli. Kwa jengo la ubavuni, hapana. Mkataba wa jumba jingine la kale ungeweza kuyatenganisha hayo mawili: idadi ya vyumba isizidi inayoingia ndani ya kuta zilizopo, mabafu yapangwe ghorofa juu ya ghorofa ili bomba lote lipite kwenye shimo moja linalofunguka, na vichwa vya boriti vikaguliwe kila mwaka kabla ya masika.