Msimbazi mmoja dirishani

Kipindi bima ya afya ya ofisini ilikuwa haina kuchangia chochote ukienda kutibiwa, jamani tulikuwa tunaumwa sana. Mtoto akipiga chafya mbili, hospitali. Mimi kichwa kikigonga Jumatatu asubuhi, hospitali, na ukienda hutoki hivihivi, utapimwa damu, mkojo, choo, halafu utaambiwa una UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, maana Dar nzima ina UTI, unapewa azuma, antibiotiki, unarudi zako Tabata na mfuko wa dawa ambazo nusu yake ziko kwenye droo mpaka leo. Bili haitoki mfukoni mwako, na daktari naye anajua.

Mwaka jana mkataba ukabadilika, kila ukienda unaacha elfu kumi, msimbazi mmoja, dirishani. We! Nyumba nzima ikapona. Mafua sasa hivi ni tangawizi na panadol.

Kwa hiyo watu wa bima wanaosema ukichangia unapunguza safari zisizo na maana wana hoja, siwabishii. Wamarekani walishalijaribu hili, 1974 mpaka 1982, taasisi ya utafiti ya RAND wakagawa familia kwenye bima tofauti, wengine bure kabisa, wengine wanachangia mpaka asilimia 95 ya bili kwa ukomo fulani, na matumizi ya wale wa asilimia 95 yakawa pungufu kwa kama asilimia 30 kuliko wale wa bure. Afya zao kwa wastani hazikupishana sana. Wengi wanaishia hapo kusoma. Ila wachangiaji walipunguza safari zote, za maana na zisizo na maana, na kwa maskini wenye presha, waliotibiwa bure ndo presha yao ilishuka vizuri zaidi.

Sasa njoo kwa mama yangu, yumo kwenye kadi yangu, kliniki ya presha kila mwezi. Elfu kumi ukiweka na bajaji akaona ananibebesha mzigo, hakusema, akawa anameza kidonge leo kesho anaruka ili dozi isogee. Tumekuja kujua siku kaanguka bafuni. Eti "mbona nilikuwa siumwi mwanangu," na kweli presha haiumi, ndo ubaya wake.

Mafua yangu nitozeni hata elfu ishirini. Ila mtu wa presha au sukari aliyefuata dozi yake ya mwezi asiombwe hata mia, na hii bima ya afya kwa wote tuliyotungiwa sheria 2023 ingeangalia hapo, mchango uende na ugonjwa.

Mama siku hizi namtumia hela ya kliniki kwenye simu kila tarehe moja. Juzi nimekuta kanunulia mchele.