Jioni ya Amu ina mwenyewe: muziki uingie ratiba au ubaki nje?

Kila yanapozuka mazungumzo ya kufundisha muziki kwa kina shuleni, hapa Lamu, au Amu kama tunavyouita mji wetu, jibu ni lile lile, na hutolewa kwa upole: nani kakataa? Upelekwe jioni. Mtoto amalize vipindi vyake, akitaka udi au zumari akafunzwe baadaye. Jibu lina sura ya hekima, na wanaolitoa si maadui wa muziki. Tatizo ni kwamba jioni ya mji huu haiko wazi.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule ya kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa u nusu, kisha shughuli za nje ya darasa hadi saa kumi na dakika 45. Nairobi hiyo saa moja na robo ni ya mpira, kwaya na maigizo. Mkomani na Langoni, mitaa ya hapa Amu, ndio wakati wa alasiri, na ukishaswali alasiri ni chuo, yaani madrasa, mpaka magharibi. Wikendi asubuhi mara nyingi ni chuo tena. Kwa hiyo ukisema "jioni" umemwambia mzazi achague kati ya msahafu na udi, na jibu lake unalijua kabla hujamaliza kuuliza. Watakaokuja ni wale wachache ambao kwao chuo kikikosekana si neno. Wengine watauona muziki kama kitu kinachomtorosha mtoto chuoni, na uhasama ambao haukuwako utakuwa umezaliwa na ratiba tu.

Kwenye karatasi, mtaala wa umilisi umeshalikubali wazo lenyewe la muziki kuwa ndani ya ratiba. Tangu Januari 2026 mwanafunzi wa Gredi ya 10 anaweza kufuata njia ya Sanaa na Michezo, akasoma muziki kama somo la kuchagua, na bado akabaki na Kiingereza, Kiswahili na Hesabu. Huo ndio ubingwa ndani ya shule pana. Wizara ilikadiria kuwa wanafunzi 15 katika kila 100 wangeifuata njia hii, dhidi ya 60 wa sayansi na teknolojia. Shule zenye njia mbili tu zimepewa sayansi na masomo ya jamii, kwa hiyo mtoto wa kaunti ndogo huenda akalazimika kuvuka maji ili aisome sanaa.

Hilo la umbali linazungumzwa sana. La umri halizungumzwi, nalo ndilo zito zaidi. Kecskemét, Hungaria, shule ya msingi ya kwanza ya kuimba kwa njia ya Zoltán Kodály ilianza mwaka 1950, na watoto waliimba kila siku huku masomo mengine yakiendelea. Wells Cathedral School ya Uingereza huwaweka wanafunzi bingwa wa muziki darasa moja na wasiogusa ala kabisa. Kote huko mtoto huanza mdogo. Sisi tumeuweka mlango kwenye miaka 15.

Hapa hesabu inataka kukaliwa kitako. Chukua mkondo wa muziki, yaani kundi dogo la watoto ndani ya shule ya kawaida, wenye kipindi kimoja tu cha muziki kwa siku ya shule. Gredi ya 4 hadi ya 6 kipindi ni dakika 35, kwa wiki 175, na kwa mwaka wenye wiki 36 za masomo ni saa 105. Miaka mitatu ni saa 315. Gredi ya 7 hadi ya 9 kipindi ni dakika 40, yaani saa 120 kwa mwaka na 360 kwa mitatu. Mtoto wa mkondo huo anafika Gredi ya 10 akiwa na saa 675. Mwenzake aliyechagua njia ya Sanaa kwa kuupenda muziki tu anafika karibu na sifuri, na wote wawili wanafunguliwa kitabu kimoja.

Tena saa za umri mdogo na za umri mkubwa hazina thamani moja. Tazama risha ya udi, kile kipande cha kupigia nyuzi. Inapita ndani ya kiganja, ncha yake inatokea kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kiwiko kimetulia na kifundo cha mkono kimepinda kidogo ili mkono udondoke juu ya uzi kwa uzito wake wenyewe. Kijana aliyejifunza peke yake hushika risha kama ya gitaa, kwa ncha za vidole viwili, na hupiga kwa kukaza bega. Sauti yake ni kavu, na mwendo ukiongezeka mkono unakakamaa. Kumrekebisha si kazi ya kumwonyesha mara moja. Lazima arudi kwenye mwendo wa taratibu kwa miezi, tena kwa nyimbo ambazo tayari anazipiga mbele za watu, na wengi hawavumilii. Mtoto wa miaka 9 hana cha kusahau.

Na saa hizo zitoke wapi? Si kwenye Hesabu. Sanaa Bunifu tayari iko kwenye ratiba, ila uchoraji, muziki, maigizo, ngoma na michezo vimetiwa kapu moja, na kila kimoja kinaonjwa tu. Mtoto wa mkondo wa muziki atapoteza sehemu ya uchoraji na sehemu ya mpira. Ni hasara kweli, na mzazi aambiwe waziwazi.

Wanaopinga mkondo maalumu husema kipindi cha kawaida kinatosha, maana kila mtoto anapata kidogo. Basi tuingie darasani. Watoto 40, udi tano, kipindi cha dakika 40. Udi una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi uliokaa peke yake, kwa hiyo mezani kuna nyuzi 55, na kwa unyevu wa kisiwani hakuna uliolala ukaamka mahali pake. Mwalimu mwenye programu ya kupatanisha kwenye simu, hata akiwa mwepesi wa robo dakika kwa uzi, atamaliza karibu dakika 14. Kutoa ala na kuzirudisha, tano. Zimebaki 21 kwa watoto wanane kila udi, yaani dakika mbili na nusu hivi kwa mmoja, na ndani yake yumo wa kuuliza ashike wapi. Huo si muziki kidogo kwa kila mtoto. Ni foleni. Mkondo wa watoto kumi kwa udi hizo hizo tano unabadilisha mambo mawili kwa pamoja: kila mmoja anapata dakika kumi hivi za kupiga, na kwa kuwa ni wale wale kila siku, baada ya muhula mmoja wanajipatanishia wenyewe, zile dakika 14 za mwalimu zikarudi kwenye somo.

Kuna jingine ambalo wenye mashaka hawalioni, na nadhani lingewagusa zaidi kuliko hesabu. Mtoto wa Amu haji darasani mtupu. Adhana na kasida vimeshamtia maqam, yaani ngazi za sauti kama Rast, Bayati na Hijaz, masikioni kabla hajajua kusoma. Mfungo Sita ukifika amekaa msikiti wa Riyadha kwenye Maulidi, matari yanalia pande zote, na mkono wake unaijua midundo ambayo ukimwandikia kwenye karatasi ataona ni kitu kigeni. Halafu anapofika shuleni anakuta kinanda cha umeme. Kinanda kile hakina robo toni, sauti zinazokaa kati ya kibonyezo na kibonyezo. Rast ukianzia C inataka E na B zilizo chini kidogo ya E na B za kinanda, na mtoto anayeimba sawasawa huambiwa yuko nje ya sauti. Baada ya miaka miwili amesahihishwa mpaka amelipoteza sikio alilokuja nalo. Dawa ipo na ni ndogo. Baadhi ya vinanda vina sehemu ya kubadili ngazi ya sauti: shusha E na B kwa senti 50, nusu ya hatua iliyopo kati ya kibonyezo na kibonyezo, na Rast inatoka. Lakini mwalimu wa kapu la masomo matano haifiki sehemu hiyo. Wa mkondo maalumu ataifika wiki ya kwanza.

Hoja za upande wa pili zisipuuzwe, na si zote zinazojibika.

Ya dini kwanza, kwa kuwa wageni huipitia juujuu. Zipo familia zinazokubali tari na sauti na hazikubali nyuzi, na zipo zisizotaka chochote. Wasiotaka wana haki ya kubaki na vipindi vyao vya kawaida, na hii ni sababu mojawapo ya kuwa na mkondo ndani ya shule badala ya shule ya muziki. Wa tari na sauti wawekewe njia yao hadi mwisho, Gredi ya 4 hadi ya 9, bila kuhesabiwa nusu wanafunzi. Kiufundi inawezekana kabisa, maana pumzi, matamshi, mdundo na maqam vinajaza miaka sita bila uzi hata mmoja kuguswa.

Ya pili ni uteuzi. Ukimjaribu mtoto wa miaka 9 kwa dakika kumi, anayeng'ara ni yule ambaye mjomba wake ana udi nyumbani. Hiyo si dalili ya kipaji, ni dalili ya mjomba. Jaribio la siku moja halifai. Afadhali muhula mzima wa tari na kuimba kwa wote, kisha mwalimu aangalie nani ameongezeka kati ya wiki ya kwanza na ya kumi. Na hata hapo watakosea. Sauti ya mvulana ikivunjika kwenye miaka 13 hivi, aliyeteuliwa kwa koo anaweza kubaki bila kitu. Katika chuo cha muziki pekee hiyo ni balaa. Katika shule pana anahamia fidla au ngoma, au anarudi kwenye mkondo wa kawaida na kitabu chake cha sayansi hakijakatika.

Ya tatu ni usalama, nayo ni nzito. Ripoti ya 2022 ya uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu unyanyasaji wa watoto katika shule za bweni ilizitazama shule za muziki kwa jina, na somo la mwalimu mmoja na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa lilikuwa sehemu ya tatizo. Hapa kwetu mafunzo ya ala yasifanywe hivyo kamwe. Watoto wawili kwa somo, mlango wazi, na ikiwezekana somo lifanyiwe ukumbini au kwenye daka, apitaye aone.

Ya nne ndiyo inayonipa shida zaidi: mwalimu. Shule yenye mwalimu mmoja anayejua muziki ikimpa watoto kumi kila siku, mamia waliobaki watapata nini? Husemwa kwamba wajuzi wapo mjini, na kweli wapo. Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarab, alizaliwa Lamu, na mji uliomtoa haukukauka. Lakini mpiga udi hodari asiye na stashahada ya ualimu hawezi kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, kwa hiyo atakaa kando ya mwalimu aliyesajiliwa, kwa posho ya bodi ya shule, siku mbili au tatu kwa wiki. Ni kiraka. Na husemwa pia kwamba wakongwe walijifunza harusini, bila shule. Ndivyo, lakini harusi hiyo ilikuwa ya siku kadhaa, wapigaji wamekaa mkekani na mtoto yuko miguuni mwao akitazama vidole. Leo kuna spika mbili na kumbukumbu ya USB. Mtoto atatazama nini?

Kuhusu ajira sina la kupamba. Wachache wataishi kwa kupiga. Ila mtoto aliyefika mwisho wa sekondari na alama zake, tena akijua udi, ndiye anayeweza kuwa yule mwalimu aliyesajiliwa ambaye leo hapatikani. Dhow Countries Music Academy ya Unguja, tangu 2002, imeonyesha kuwa udi, kanuni (ala ya nyuzi) na fidla vinafundishika kwa mtaala na cheti. Kilichobaki ni kuvifundisha bila mtoto kulazimika kuiacha shule au chuo.

Shule itakayotaka kuanza haihitaji kununua udi mwaka wa kwanza. Gredi ya 4 ni tari na sauti. Gredi ya 5 mtoto achague. Wa zumari aanzie kwenye bilauri ya maji na mrija, apulize mapovu yasikatike huku akivuta hewa kwa pua na mashavu yamejaa. Mapovu yakikaa nusu dakika, apewe ala. Malindi orodha itabadilika, iwe chivoti (filimbi) na kayamba, na kayamba watoto wataishona wenyewe kwa vijiti na mbegu.

Udi zikija, bajeti iandike nyuzi za akiba kabla ya udi wa sita, kwa sababu chumvi inazila nyuzi kwa kutu na darasa lenye udi tano zisizo na nyuzi halina udi. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Chumba kisiwe kinachotazama bahari, na ala zisiegemezwe ukuta unaotoa majimaji wakati wa kusi, maana gundi huachia na uso wa udi hunyanyuka pembeni. Kigingi kikiteleza kipakwe chaki, kikikwama kipakwe sabuni kavu. Chaki shuleni haikosekani.