Likizo ndefu ya wanafunzi wa sanaa

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitumia likizo ndefu kwenda kwa wazee kukusanya habari za Vita vya Maji Maji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Walikuwa wa shahada ya kwanza, chini ya wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa. Mzee aliyekuwa na miaka 15 vita ilipoanza mwaka 1905 alikuwa ana 78. Wangechelewa muongo mmoja tu, mengi yangezikwa naye. Iliffe alizitumia karatasi zao katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, na hadi leo wanahistoria wa vita hiyo huzirejea.

Leo mwanafunzi wa historia au sosholojia akienda field, yaani mafunzo kwa vitendo, mara nyingi anaishia kwenye ofisi fulani kupanga mafaili na kupokea barua. Inaniuma. Huyu ni mtu aliyefundishwa kuhoji na kupima ushahidi, na hiyo kazi hapewi.

Nataka vyuo vyetu vitenge ufadhili wa utafiti wa likizo kwa wanafunzi hawa: nauli, posho ya miezi miwili, barua ya kumwonyesha mwenyekiti wa kijiji, na msimamizi anayesoma madaftari yao kila wiki. Hilo la msimamizi ndilo gumu kuliko fedha, maana mhadhiri naye lazima alipwe kwa muda wake. Marekani mpango wa Mellon Mays, unaofadhili utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, umekuwa ukifanya hivi tangu 1988, na Afrika Kusini umefika vyuo vikuu vya Cape Town na Witwatersrand. Utafiti wa masomo ya sanaa kama historia hauhitaji maabara. Simu ya kurekodia, daftari na subira vinatosha kuanzia.

Ila nafasi zisigawiwe kwa GPA peke yake. Kijana wa Liwale anayesema Kingindo, anayejua kusubiri bibi amalize kupepeta mchele ndipo amwulize, atarudi na habari ambazo mwenye alama za juu asiyejua lugha hatazipata.

Na kazi ipo. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1974, alipohamishwa na Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, sasa amevuka 80. Idara moja ya historia ikichagua wanafunzi kumi na kuwapa nauli, inaweza kuanza na wazee hao likizo ijayo.